Mwakilishi wa Vijana Anaitwa Anko

Jumapili, Malaba.

Mvua ilianza watu wakitoka kanisani na mpaka sasa haijachoka. Trela zimepanga foleni hadi kule zinakopotea machoni, madereva wamefunga vioo wamelala, na mimi nimekaa kwa veranda na simu yangu, nakuandikia wewe shajara na wale wachache mnaosoma blogu hii mkijificha mabosi wenu wasiwaone.

Wacha nianze na mazuri. Mimi ni mtu wa bahati, na sijigambi, ni vile tu iko. Wengine huzaliwa na shamba, wengine na akili ya shule. Mimi nilizaliwa na bahati, na sura kidogo juu yake. Niliachia shule darasa la saba, barabara ikanimalizia masomo. Nimekuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa trela, kutoka Mombasa hadi Goma, nimelala Kigali, nimekosana na polisi wa Kampala kwa Kiganda na tukapatana kwa Kiganda hicho hicho. Trela yetu ilianguka karibu na Mbarara, nikatoka hapo na kiatu kimoja kimepotea. Kimoja tu! Hiyo hadithi nimeisimulia kwa kila harusi niliyoshika maiki, na watu bado wanashika mbavu.

Sasa hivi majuzi bahati ikanitembelea tena. Kaunti ilitaka kila wadi itoe kijana mmoja aende Busia, aseme vijana wa kwao wanataka wafanyiwe nini ili miili yao na vichwa vyao vikae sawa. Tukakutana kwa darasa la shule ya msingi. Majina yakabaki matatu: Amoit, msichana anayesuka nywele pale karibu na maegesho ya trela, kijana mmoja fundi wa simu, na mimi. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa, ikabishaniwa, ikahesabiwa tena, kila mtu na hesabu yake. Msimamizi wa wadi akaangalia mawingu akasema tumalize vile kina mama humaliza kwa chama chao, kwa kubahatisha.

Nikatoa kofia yangu. Soda zilikuwa zimefunguliwa, na nani mwingine ila mimi, kwa meno, muulize yeyote hapa. Nikachukua vifuniko vitatu, kimoja nikakikunja, viwili nikaviacha vizima, nikatikisa kofia. Atakayetoa kilichokunjwa ndiye wa kwenda Busia. Amoit akatoa kizima. Fundi wa simu akatoa kizima. Hata kabla sijaingiza mkono watu walikuwa washaanza kupiga kelele. Nikakitoa, nikakiinua juu kama kombe.

Bahati ni bahati.

Najua unataka kuuliza nini. Ndiyo, nina miaka arobaini na moja. Lakini kwa siasa ya huku kijana ni mtu yeyote ambaye babake bado yuko hai, na wangu yuko hai kule Butula, bado anagombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Shida ni moja tu. Hao vijana ninaowawakilisha huniita anko.

Amoit alikuja hapa kwa veranda siku iliyofuata. Mimi kama ningekuwa nimeshindwa na kifuniko cha soda ningenuna wiki mbili. Yeye alikuja anacheka. "Bahati ni yako, anko. Basi beba maneno yetu, usiyamwage njiani." Akakaa, akanieleza, na alikuwa amejipanga kuliko mheshimiwa yeyote niliyewahi kumtangazia mkutano.

Pale sokoni kuna chumba. Kaunti ilikijenga, ikaandika kwa rangi ukutani kwamba ni cha vijana, ikakifungua kwa keki na hotuba. Najua kwa sababu mimi ndiye nilishika maiki na nikala keki. Baada ya keki kikafungwa kwa kufuli, na kufuli likabaki. Vijana walikuwa wanataka kufuli litoke. Wanataka kifunguliwe jioni, si saa za ofisi, kwa sababu kijana wa mpakani mchana yuko kazini, anasukuma mzigo au anabeba abiria. Na wanataka ndani yake kuwe na mtu aliyesomea kusikiliza watu.

"Na asiwe wa hapa," Amoit akasema. "Anko, wewe unajua kituo chetu cha afya. Ukienda ule mlango wa ushauri, unakaa benchi moja na shangazi yako ameleta mtoto chanjo. Anayekuandikisha alisoma na mama yako. Ukifika nyumbani, unakuta chai imepikwa na watu wamekuja kukuombea. Huyo mtu atoke Butula, atoke Sigalame, atoke hata mbinguni, bora asimjue mama."

Nikacheka sana. Yeye pia alicheka, halafu akaacha.

Ni kwa sababu ya Okiru. Okiru ni ndugu yake mdogo, mwendesha boda. Mwaka huu alikuwa amebeba rafiki yake, wakabanwa na trela pale kona. Rafiki akafa hapo hapo. Okiru akatoka na mkwaruzo kwa kiwiko. Tangu siku hiyo pikipiki iko chini ya turubai nyuma ya nyumba, na yeye anakaa kando yake. Hali vizuri, halali vizuri. Breki za hewa za trela zikipiga ile "pshaa," anashika ukuta. Na hapa Malaba, shajara, hizo breki ndizo jogoo wetu. Zinawika kutwa.

Kituo cha afya alikataa. Kwa mchungaji alikataa. Amoit akamsukuma pole pole, na mwisho akakubali neno moja: pakiwa na mahali pa jioni, na mtu asiyemjua, ataenda. "Alikubali mwenyewe, anko. Siku hiyo alimaliza ugali."

Nikampiga begani nikamwambia, "Amoit, hiyo hesabu imeisha. Mimi nikishika maiki kaunti huamka."

Sasa kuna kitu sikumwambia.

Ndani ya kile chumba kulikuwa na viti vyangu.

Viti vya plastiki, vyeupe na vya buluu, vile ninavyokodisha kwa harusi na matanga. Mahema. Spika. Sufuria ile ya pilau ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani. Mlinzi wa soko ni rafiki yangu, na wiki ile ile ya keki aliniachia ufunguo, nikamwambia ni vya kukaa siku mbili tatu nikitafuta stoo. Sikutafuta stoo. Ukichungulia dirishani ulikuwa unaviona, na watu wote wa soko walidhani ni viti vya kaunti. Hata nimewahi kusikia mzee mmoja akilalamika, "Angalia vile serikali inaacha mali ya umma ikae bure," na mimi nikaitikia, tena kwa uchungu.

Nikaenda Busia. Nikapewa beji ya kuvaa shingoni. Ukumbi una feni zinazozunguka kweli, na chakula cha mchana kuku mzima mzima, si zile shingo za matanga. Nilitarajia kukuta mkubwa anayesinzia. Nikakuta mama mmoja wa kaunti, tulimwita Madam, miwani imening'inia kwa uzi, na huyo mama alikuwa anaandika kila kitu. Akatueleza vizuri. Kaunti inaweza kuleta washauri wa jioni, lakini kwa kuanzia ni wadi chache, zile ambazo tayari zina chumba. Wenye chumba wainue mkono wakati wao ukifika. Ndiyo hivyo tu. Mimi nilitakiwa kuinua mkono.

Kabla yangu alisimama msichana kutoka pande za Mundika. Hakuwa na karatasi. Alisema kuhusu yeye mwenyewe, vile alivyokaa ndani ya nyumba miezi baada ya kupoteza mtoto, na vile hakuna mtu aliyemuuliza kitu isipokuwa atapata mwingine lini. Sauti ilimkatika katikati. Akamalizia hivyo hivyo, akakaa. Ukumbi ukanyamaza.

Mimi ukumbi ukinyamaza nahisi ni kosa langu. Miaka yote nimeishi kwa kuzuia watu wasinyamaze.

Nikaitwa. Nikasimama na beji yangu. Madam akaangalia kitabu chake, akaniangalia mimi, akaniangalia tena, akauliza kwa heshima zote, "Na kile chumba chenu cha sokoni, mzee, kinatumika?"

Mzee. Vijana wa wadi zote wakacheka.

Ningeweza kusema hakitumiki, Madam, kifungueni. Maneno yenyewe hayajai kijiko. Lakini nilikuwa nimechomwa na kile kicheko, nikataka kingine cha kukifunika. Na nitasema ukweli hapa: niliviona pia vile viti vyangu, vimepangwa hadi dari, vikiniangalia. Nikafungua mdomo, ukatoka huu upuuzi:

"Madam, vijana wa Malaba hawana shida ya kichwa. Wale ni chuma! Wamezaliwa trela zikiwapita masikioni. Mkituletea mtu wa kuwauliza wanajisikiaje, kabla ya saa kumi watakuwa wamemvusha mpaka na wamemuuza Tororo. Kile chumba kina viti, wacheni viti vipumzike. Sisi tupeni shedi ya boda, paa jekundu, na jezi!"

Ukumbi ulianguka. Watu walipiga meza. Msaidizi wa mheshimiwa mmoja alisimama kunipa mkono. Hata yule msichana wa Mundika alicheka, na hicho ndicho kinaniuma zaidi kila nikikikumbuka, kwa sababu alicheka huku anajifuta uso na leso.

Madam hakucheka. Aliandika kidogo, akasema "Asante, shedi," akaita wadi inayofuata.

Mtu alikuwa amerekodi. Kabla sijafika nyumbani klipu ilikuwa imefika. Wapiga debe wa steji wakanipokea kwa kelele, "Chuma! Chuma amekuja!" Nikawapungia mkono. Shajara, nilifurahi. Siku mbili nzima nilifurahi. Nilikuwa naiangalia ile klipu nikiwa peke yangu chooni.

Halafu ikafika jana.

Jana nilikuwa na harusi ya kupeleka viti. Nikafungua chumba, nikaanza kutoa, nimebeba viwili kichwani miguu ikiangalia mbele, na Amoit akatokea kwenye kona ya soko na kikapu chake cha nywele za bandia.

"Anko."

"Amoit wangu! Umeona klipu? Tumewaka mpaka Nairobi!"

"Nimeona. Okiru pia ameona."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akaniambia, 'Si umesikia, mimi ni chuma. Wacha kunisumbua na watu wako.'" Akahamisha kikapu mkono mwingine. "Nimemwambia huyo ni anko, anatania. Akasema hapana, anko aliulizwa na kaunti akajibu. Amerudi nyuma ya nyumba. Asubuhi hii hajagusa chai."

Yeye hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu. Mimi huandika jina langu kwa rangi chini ya kila kiti, ili matanga yasinimalizie mali, na vile nilivyovibeba, jina lilikuwa limemwangalia usoni.

"Kumbe hivi viti ni vyako," akasema.

"Ni... ni kama vya jamii."

"Vyote?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Alichungulia, akaona mahema, spika, sufuria. Nilingoja atukane. Mimi matusi nayaweza, nimetukanwa kwa lugha sita na nikajibu kwa saba. Hakutukana.

"Ungesema tu, anko," akasema. "Tungekuja wote tukusaidie kuvihamisha."

Akaenda kazini kwake.

Harusi ilifana, wameniambia. Mimi sikumbuki hata bibi harusi alivaa nini.

Leo sikuenda kanisani, niliogopa mahubiri yangenitaja jina. Ibada ilipoisha na mvua kuanza nikavaa viatu vya mpira nikaenda kwao. Mama yao akanipokea kwa salamu ya "Yoga," nikamjibu "Yoga" kwa Kiteso changu cha kuombea maji, akaniambia pita tu nyuma, lakini usimchekeshe sana, tumbo lake ni tupu.

Okiru alikuwa chini ya bati la jikoni, kando ya turubai la pikipiki. Amekonda mpaka shati linamvaa yeye. Akasimama kunisalimia, kijana ana adabu, akaniachia kigoda yeye akakaa juu ya mtungi wa plastiki.

Nilianza na utani wangu. Yule dereva wa Kongo na mbuzi. Akacheka. Yule askari na soseji. Akacheka. Alikuwa ananicheka kwa heshima, vile unavyocheka mkwe. Basi nikaleta ile kubwa, ya kiatu. Nikafika pale ninapotoka kwa dirisha la trela natafuta kiatu changu kwa migomba ya watu, na badala ya kucheka akauliza:

"Na dereva?"

"Dereva gani?"

"Si trela ilikuwa na dereva, anko."

Kwa harusi zote hizo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya dereva.

Nikamwambia. Sikupanga, yalitoka tu. Dereva alikuwa mzee mmoja wa Voi, aliyenifundisha kufunga mzigo na kusoma ramani, aliyekuwa akiniita kijana wangu hata mbele ya watu. Hakutoka. Alinishika mkono wa shati kupitia kioo, na mimi nilikuwa namwambia nakuja mzee, nakuja, na sikuwa na njia ya kuja. Kile kiatu nilikitafuta kwa sababu sikutaka kuangalia upande ule.

Hapo trela moja barabarani ikapiga breki, pshaa. Okiru akashika ukuta. Na mimi, sijui ilikuwaje, nilikuwa nimeushika pia.

Tukaangaliana, mtu mzima na kijana, tumeshika ukuta wa jiko la mama yake kama tunauzuia usianguke.

"Kumbe na wewe ni chuma," akasema.

Nikacheka mpaka nikatokwa na machozi, au yalikuja yenyewe yakakuta nacheka. Halafu nikamweleza habari ya viti. Yote. Ufunguo, mlinzi, mali ya umma. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Viti!" akasema. "Mimi nilidhani ni siasa."

Nikaona nimefungua mlango, nikataka kuingia mzima mzima. Nikamwambia, Okiru, basi niambie mimi yako. Mimi niko hapa, nitasikiliza hata kutwa, sina haraka. Nilimaanisha, Mungu ananiona.

Akatikisa kichwa, tena kwa upole. "Hapana, anko. Wewe ni mtu mzuri. Lakini wewe una maiki."

Hilo neno nimelibeba njia nzima kwenye matope. Na ana haki. Yake kwangu ingekuwa hadithi ya harusi kabla mwaka haujaisha. Nisingetaka, lakini ukumbi ungenyamaza na mimi ningeitoa. Moyo wangu ni mkubwa, hilo hata maadui wanakubali, lakini ni mkubwa kama soko, kila mtu anapita ndani. Yule kijana anataka mtu ambaye kazi yake ni kunyamaza na mambo ya watu. Mtu kama huyo hamwezi kumchangia kwa harambee, wala kumpata kwa kuombea. Anasomeshwa, anaajiriwa, anapangiwa jioni zake, na hiyo ni kazi ya serikali. Serikali hii ya karibu, hii ya Busia, hii tunayoitukana kila siku tukingoja soda.

Na mimi ndio bingwa wa kuitukana. Kaunti hawajali, kaunti hawatusikilizi, hiyo nimeimba kwa kila steji. Sasa mara hii kaunti iliuliza. Ilituma mama na miwani yake, akashika kalamu, akangoja.

Aliyejibu ni mimi.

Nilipotoka kwao nilipitia sokoni. Nikamwita mlinzi, tukakodi mkokoteni, tukahamisha kila kitu kwenye mvua hivi hivi. Hema moja limechanika. Viti sasa viko sebuleni kwangu, vimefika dari, vingine chumbani, na sufuria iko katikati kama mgeni rasmi. Mke wangu alisimama mlangoni akaangalia.

"Mimi niliolewa na mtu au niliolewa na ukumbi?" akauliza.

Nikamwambia ni kwa muda mfupi. Akasema hiyo muda mfupi anaijua, akaenda kupika kwa jirani.

Basi chumba kiko wazi na kimefagiliwa. Nilisimama ndani nikapiga makofi mara moja, kikaitikia. Chumba kitupu. Bila yule mtu wa jioni kitabaki mahali pa kupiga makofi tu. Madam alituambia maoni ya ziada wanapokea mpaka mwisho wa wiki inayoanza kesho, mwakilishi aje mwenyewe, asipige simu. Kwa hivyo kesho asubuhi naenda Busia. Nitasimama mbele yake nimwambie yale ya chuma yalikuwa maneno ya mtu aliyetaka kupigiwa makofi, na chumba tunacho. Kama wadi za kupewa washauri zimeshachaguliwa, sijui.

Na ile beji nilitaka niitoe. Nilimpigia Amoit simu nikiwa bado nimelowa, nikamwambia kesho twende wote, wewe ndiwe utaongea, kiti ni chako, mimi nimestaafu ujana. Nilidhani atafurahi.

Akasema, "Nitakusindikiza, anko, lakini kiti siwezi kuchukua. Nikichukua watasema nilikutoa kwa fitina ya viti. Ulishinda mbele ya watu wote, hata mimi nilikuwepo. Bahati ilikuwa yako."

Alisema vile kwa moyo safi.

Sasa njia imebaki moja. Kesho kabla ya Busia tutapitia kwa msimamizi wa wadi, na nitasema mbele yake na mbele ya Amoit, na nitamtafuta yule fundi wa simu pia. Nimejaribu kulisema hapa kwa veranda kwa sauti, likagoma. Wacha nianze na wewe, shajara, na ninyi wachache, na nikibonyeza kitufe hiki sina pa kurudia.

Nilijua Amoit akienda Busia ataomba kile chumba.

Ile bahati niliyokuandikia pale juu ni uongo. Vifuniko vilivyoingia kwa kofia vilikuwa viwili, vyote vizima. Kilichokunjwa kilikuwa ndani ya kiganja changu toka mwanzo. Nilipoingiza mkono, kofia ilikuwa tupu.